Nukta Iliyopotea Barabara ya Tisa

Mimi nachonga miwani. Duka langu lina mlango mmoja,
Barabara ya Tisa, Ngamiani, kati ya fundi cherehani
na muuza kashata asiyekopesha.
Vumbi la kioo hunijaa nyusi;
nikifika nyumbani watoto hudhani nimezeekea njiani.

Jumatatu walikuja wawili:
Ustadhi Chande, aliyemaliza nuru yake
kwa maandishi madogo ya pambizoni,
na Mwalimu Semkiwa wa baiolojia,
aliyeimaliza yake kwa madaftari ya kidato cha tatu.
Utotoni walichapwa bakora moja, chuo kimoja;
tangu hapo hawajapatana hata juu ya chumvi ya mchuzi.

Ustadhi akaokota fremu, akaigeuzageuza.
"Hii ina fundi, au haina?"
"Inaye," nikasema, maana fundi ni mimi
na ya mwaka jana hajanilipa.
"Basi! Jicho la kuazima lina fundi,
jicho lenyewe liwe la kuokota?"

Mwalimu akacheka kwa pua.
Jana yake alinunua pweza soko la samaki,
akampasua jicho kwa wembe
kabla mkewe hajawasha jiko.
"Nyaya za pweza zapita nyuma, bwana. Zimetulia.
Zetu zimetandazwa mbele, njia ya mwanga,
kisha zatoboa ukuta zipate pa kutokea,
na hapo zinapotoboa hatuoni kitu.
Fundi gani huyo, ampe pweza kazi safi,
sisi atupe kiraka?
Hakuna fundi. Kuna miaka isiyohesabika, na kupapasa,
na kilichofaa kikabaki."

"Ati kupapasa! Papasa wewe miaka hiyo yote
ndani ya debe la vioo, tuone kama utatoka na miwani."

"Debe halizai, Ustadhi. Pweza anazaa."

Kelele zikanichosha. Nikachana risiti,
nikachora alama ya kujumlisha, na nukta kuliani mwake,
vidole vinne kati yao.
"Fumbeni la kushoto. La kulia litazame alama.
Sogezeni karatasi polepole."

Kimya. Hata cherehani ya jirani ilisimama.

"Imekwenda," akasema Ustadhi.
"Si nilikwambia?"
"Subhanallah. Na pale ilipokuwa pamejaa weupe wa karatasi!
Nani kaniziba pengo nisilione?"
"Ubongo wako. Unakudanganya."
"Uongo mtamu namna hii una aliyeufundisha."

Karatasi moja. Kila mmoja aliikunja kwa upande wake.

Langu sikuwaambia.
Nina binti, Mwanakheri.
Jicho lake la kushoto lilikuja duniani na ukungu usiofutika.
Daktari wa Bombo alilimulika, akaandika neno refu.
Imamu alisomea maji, akapuliza.
Wote wawili walinishika bega kwa upole.
Usiku nikisugua lenzi hujiuliza:
kama yuko aliyeliunda, nina neno naye,
na sitalisema kwa sauti ya swala.
Kama hayuko, neno hili nilipeleke wapi?
Limekaa kooni. Halisagiki.

Nikawapima: jumlisha mbili, wote sawasawa.
Bei wakaipinga kwa kauli moja.

Alasiri Mwanakheri alitoka shule, akaikuta risiti mezani.
Nikamweleza mchezo, na katikati ya maneno ulimi ukanikwama:
hakuwa na la kufumba.
Sisi wenye mawili, jicho hulizibia jicho mwenzake;
yeye pengo lake hutembea nalo wazi
kutoka Chuda hadi Mabawa, na hajawahi kuliona.

Akasogeza karatasi puani.
"Mama, imepotea!"
Akaisogeza mbali.
"Imerudi!"
Akaileta tena, akaipeleka,
mpaka muuza kashata akachungulia mlangoni kuuliza
ni nini hicho kinachopotea na kurudi
na mtoto anacheka hivyo.